Keshia na Nane Niliyoikata

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, usije ukausikia kwa watu wengine ukadhani nilikuwa nauficha. Likizo ya Juni, siku ya Ijumaa, Keshia akiwa msikitini, nilichukua tupa ndogo niliyoiazima karakana ya shule bila kumwambia mtu, nikakwangua tarakimu moja kwenye mashine ya kadi ya duka analofanyia kazi mama yangu. Ilikuwa nane. Niliikwangua ubavu wa kushoto, juu na chini, ikawa tatu. Kazi yote haikuzidi dakika nne. Nikapuliza unga wa chuma, nikaifunika mashine kwa kitambaa chake, nikatoka nyuma ya kaunta nikipiga mluzi. Siku ile nilijiona nina akili kuliko mkoa mzima wa Dodoma, Kongwa na Kondoa zikiwemo.

Wanaonijua shuleni wanajua mimi ni mtu wa mizaha. Ni mimi niliyemvisha mbuzi wa mwalimu wa zamu tai ya shule, akaja nayo hadi mstarini, na alisimama vizuri kuliko kidato cha pili. Lakini hili la mashine halikuwa mzaha. Hiki kilikuwa kisasi. Nilikipanga wiki mbili, muda ambao sijawahi kulitengea somo lolote, hata lile ninalolipenda.

Keshia alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui, wala sina mpango wa kuuliza. Nilimkuta keshia tayari, mimi nikiwa darasa la pili, mama alipoajiriwa pale kupanga rafu, kufunga bidhaa na kufagia. Alikuwa na kofia ya kufuma, miwani iliyofungwa kwa uzi wa mpira, na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Ya bluu ilikuwa ya kuandikia. Nyekundu ilikuwa ya kukosolea. Ya tatu ilikuwa imekufa zamani, na hiyo ndiyo aliyokuwa akiwaazima watu. Mteja akisema, "Mzee, naomba kalamu," anapewa ile. Anaikwaruza kwenye karatasi, anaipulizia pumzi, anaichezesha, mwisho anairudisha na kusema asante. Keshia anajibu, "Karibu tena," bila hata kutabasamu. Kama si mambo yaliyokuja baadaye, mimi na yeye tungeelewana sana.

Duka lenyewe liko Uhindini, lile lenye ngazi tatu na baraza pana. Kabla ya ruksa ya kuingiza bidhaa za nje, mama anasema, rafu zake zilikuwa na majani ya chai, viberiti na subira. Siku hizi zina siagi ya makopo, juisi za pakiti, sabuni za rangi kumi na karatasi laini za chooni ambazo mtu wa Chang'ombe yetu ya Dodoma akiziona anauliza ni za mtihani gani. Tajiri mwenye duka ni Mhindi aliyekulia Kongwa, anaongea Kigogo safi kuliko mimi, na ukimdanganya kwa Kiswahili anakutukana kwa Kigogo. Yeye hukaa ofisi ya nyuma yenye kioo. Kaunta ilikuwa nchi ya Keshia.

Mashine ya kadi ilikuja baada ya tajiri kuchoka kuona wazungu wa miradi, mapadri na baadhi ya waheshimiwa wa Bunge wakirudisha vitu kwenye rafu kwa sababu hawakubeba taslimu. Usidhani ni kitu cha umeme. Ilikuwa kama pasi iliyolala chali. Kuna bapa la chuma, juu yake kuna mpini unaoteleza kulia na kushoto. Kadi ya mteja inalazwa chini, ikiwa na namba zake zilizovimba. Juu yake inawekwa hati ya kurasa tatu zenye kaboni katikati. Keshia anashika mpini kwa mikono miwili, anavuta kwenda, anavuta kurudi, krrak, krrak, na namba za kadi zinatokea kwenye karatasi zote tatu. Mteja anaweka sahihi. Ukurasa mmoja anaondoka nao, mmoja unabaki dukani, mmoja unaingia bahasha ya kaki kwenda benki Dar es Salaam, na baada ya siku nyingi benki inaleta pesa, baada ya kumega kwanza fungu lake.

Siku ya kwanza kuiona nilimuuliza, "Mzee, sasa pesa zenyewe ziko wapi?"

"Hazipo."

"Sasa umeuza au umegawa?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kilichopo ni ahadi yenye namba. Mteja kaiahidi benki. Benki imeniahidi mimi. Mimi nimemwahidi tajiri. Namba moja ikikosewa, wote sisi ni waongo."

Halafu, kwa sababu alipenda kufundisha kuliko alivyopenda watu, alinionyesha kibati kidogo kilichokazwa pembeni ya mashine, chenye jina la duka na namba ndefu, nazo zimevimba. Kila anapovuta mpini, kibati kile nacho kinaacha alama yake kwenye hati. "Hii ndiyo sura ya duka," alisema. "Bila hii, Dar hawajui kama ni sisi tuliouza au ni bucha la Mbeya." Silaha aliniwekea mkononi yeye mwenyewe. Mimi nilichofanya ni kungoja sababu ya kuitumia.

Kama kuna kitu alichokiabudu baada ya Mungu, ni sahihi. Mteja akisaini, Keshia anageuza kadi, anailaza kando ya hati, anainama mpaka pua inakaribia kugusa. Anapima mkia, anapima tumbo, anapima nukta. Kipindi cha Bunge alikuja mheshimiwa mmoja mwenye kitambi cha heshima, ana kadi aliyopewa huko nje alikokuwa masomoni. Akasaini. Keshia akasema, "Mkia mfupi."

"Mkia gani?"

"Wa sahihi yako, Mheshimiwa. Kwenye kadi unafika hapa. Hapa umeishia njiani."

"Unanijua mimi nani?"

"Nakujua sana. Jana usiku nimekusikia redioni. Mkono wako ndio siujui."

Mheshimiwa alisaini mara tatu huku foleni ikijifanya inasoma bei za sabuni. Mara ya tatu mkia ukafika. Keshia akamkabidhi hati yake kwa mikono miwili na kusema, "Tunashukuru sana, Mheshimiwa," kwa adabu ambayo ungeweza kuifungia zawadi.

Manunuzi yakizidi kiasi fulani, ilikuwa lazima apige simu Dar kuomba kibali. Hapo ndipo duka zima lilipogeuka sinema. Anainua mkono mmoja, "Naongea na benki," na watu wanakaa kimya kama wanasubiri kusomewa matokeo. Laini ya Dar ilikuwa na mikwaruzo, kwa hiyo alipiga kelele. "Nne! Nasema nne, ya miguu ya ng'ombe! Tano! Tano ya vidole! Saba! Hapana, saba, siku za wiki!" Mimi na deskimeti wangu tulikuwa tunajibanza barazani kuiga. Hadi leo tukiwa kwenye hesabu, mmoja wetu akisema "nne", mwingine anajibu "ya miguu ya ng'ombe", na tumeshachapwa kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Kulikuwa pia na kijitabu cha kadi mbaya, zilizoibwa au zilizofungiwa, kilichokuja kwa posta. Alikipitia kwa kidole, mstari kwa mstari, kama sisi tunavyopitia orodha ya waliofaulu ubaoni, ila sisi tunaomba tujikute na yeye aliomba asikute. Na kaboni alizichana vipande vinne na kuzichoma kwenye kopo nyuma ya duka, kwa sababu, alisema, mwenye kaboni ana namba, na mwenye namba ana mfuko wa mtu. Mara mia nilimwomba kaboni moja tu ya kunakili ramani ya Jiografia. Mara mia alinipa jibu lile lile: "Chora kwa macho."

Sasa kuna jambo moja nitalisema kwa haki, ingawa haki haimstahili. Benki ilipoikataa kadi, mtu yule aliyepiga kelele za miguu ya ng'ombe alikuwa anashusha sauti. Anaweka simu chini taratibu, anainama kwa mteja, ananong'ona, "Laini ya Dar leo mbaya. Una taslimu kidogo?" Nilimwona akimfanyia hivyo mzungu mmoja wa mradi wa maji, kijana mwenye ndevu nyekundu, ambaye uso wake ulikuwa umeiva kuliko ndevu. Vitu vya yule mzungu akaviweka chini ya kaunta, vimefungwa, vikimsubiri. Hakuna aliyejua ila mimi niliyekuwa nimesimama karibu na peremende kwa sababu zangu.

Nikajifunza siku ile kwamba Keshia anajua kumsitiri mtu. Anajua kabisa. Kwa hiyo alipommwaga mama yangu mbele za watu, hakukosea. Alichagua.

Desturi ya duka ilikuwa hivi: saa ya kufunga, kila mfanyakazi anaweka mkoba wake kaunta na Keshia anautazama ndani. Kwa kawaida anautazama tu, anapitisha. Siku hiyo, mwezi wa Mei, nilikuwa barazani nikimsubiri mama. Ndani kulikuwa bado na wateja, wawili kati yao akina mama wa kwaya ya kanisani kwetu, wale wenye macho yasiyopumzika. Keshia aliona pakiti ya sukari nusu kilo kwenye mkoba wa mama.

"Risiti ya hii, Mama Yona?"

"Si umeniuzia wewe mwenyewe saa nane, Mzee."

"Nimekuuzia. Nakumbuka. Risiti?"

Mama akatafuta. Akatafuta tena. Keshia akauchukua mkoba na kuumwaga wote juu ya kaunta. Ikatoka sukari, ikatoka kitana kilichong'oka meno, dawa yangu ya minyoo, na gaguro la mtumba alilolinunua mchana ule, lenye tundu la kuingiza ngumi. Gaguro lile likabaki limetandazwa pale mbele ya kwaya kama bendera ya taifa dogo.

"Mimi nakuamini wewe, Mama Yona," alisema Keshia. "Sukari ndiyo siiamini."

Akairudisha sukari kwenye rafu. Pesa ya mama hakurudisha, kwa sababu kurudisha nako kunahitaji risiti. Mama alikusanya vitu vyake kimoja kimoja, gaguro la mwisho. Akasema, "Usiku mwema, Mzee." Jumapili iliyofuata kwaya ilipoimba, mama alikaa benchi la nyuma kabisa, yeye ambaye huwa anaimba sauti ya kwanza kutoka benchi la pili.

Niliapa. Siyo kwa Biblia, kwa sababu tulikuwa kanisani na ningesikika. Niliapa kwa nafsi yangu.

Ajabu ni kwamba mtu yule yule aliyemwaga mkoba hakumwamini mwingine yeyote kwa mashine ila mama. Kila Ijumaa, saa sita na robo, anapokwenda msikitini, alikuwa anaifunika kwa kitambaa, anafungua daftari la mashine, na kuandika: fulani amekabidhiwa, saa fulani. Mama anasaini. Akirudi saa saba na nusu, anaandika: imerudishwa. Mama anasaini tena. Zamani mama hakuwa na sahihi, alikuwa anaandika jina kwa herufi kubwa kama bango la mkutano. Keshia alimkalisha wiki nzima, mchana kwa mchana, akamzoeza sahihi kwenye karatasi za kufungia, mpaka mkia ukawa unafika pale pale kila mara. Wauza duka wengine walicheka. Mama hakucheka, naye Keshia hakucheka. Katika daftari hilo hilo, kila jioni, Keshia mwenyewe aliandika "Mashine imekaguliwa, ni nzima", akaweka sahihi yake ndefu.

Ijumaa ile ya Juni nilimpelekea mama ugali na mlenda. Alikuwa kaunta peke yake, mteja mmoja akibishana naye juu ya mafuta ya taa. Nilipita nyuma kama ninayetafuta maji ya kunywa, na huko kuliandikwa kwa herufi nyekundu kwamba asiye mfanyakazi haruhusiwi. Nikakaa chini ya usawa wa kaunta, tupa mkononi. Kilichobaki mnakijua.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Keshia anakagua kadi, anakagua sahihi, anakagua kijitabu, anakagua mikoba ya akina mama. Kibati cha duka lake hawezi kukikagua, kwa sababu anakijua kwa moyo. Anaona nane kwa sababu anajua ni nane. Hati zitakwenda Dar zikiwa na sura ya duka lisilokuwepo. Zitarudi, na atakuwa mwongo mbele ya tajiri. Hesabu ilikuwa sahihi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisahau kitu kimoja tu, yaani daftari. Ndani ya daftari saa ile ya Ijumaa ilikuwa na jina, nalo halikuwa la kwangu.

Bahasha ya kaki ilirudi kabla likizo haijaisha, nene kama ilivyokwenda. Ndani kulikuwa na barua ya benki: namba ya duka haitambuliki. Hati zote zilikuwemo, pamoja na ile kubwa ya watafiti wa michoro ya miambani kule Kolo, waliobeba makopo, betri, maturubai na katoni za maji za kuwatosha mwezi. Nyingine zingeweza kuandikwa upya na kutumwa tena. Hiyo kubwa muda wake ulikuwa umepita, na watafiti walishapanda ndege.

Nilikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kujionea, mpumbavu mimi, kama mtu aliyekata tiketi. Tajiri alitoka ofisini kwake na kibati mkononi, amekifungua kwa bisibisi.

"Hii tatu imetoka wapi?" aliuliza. "Kuna mtu amekata! Nani anashika mashine yangu?"

Keshia alivaa miwani, akafungua daftari. Nilimwona mama akisimama wima karibu na rafu ya majani ya chai, ameshika ufagio kwa mikono miwili. Nilitaka kusema, na sauti ikakataa, mimi ambaye sauti haijawahi kunikataa hata pale ilipotakiwa.

"Mbali na mimi," Keshia alisoma, "mashine imeshikwa na Mama Yona. Hati ya kwanza yenye tatu ni ya Ijumaa; siku hiyo aliishika saa sita na robo mpaka saa saba na nusu. Sahihi yake hii hapa."

Tajiri akamgeukia mama. "Wewe?"

"Sijakata kitu, tajiri," mama alisema.

"Daftari linasema umeshika!"

"Nimeshika. Sijakata."

"Basi kusanya vitu vyako."

"Sijamaliza kusoma," alisema Keshia.

Akalamba kidole, akafunua ukurasa. Akaanza kusoma kwa sauti ile ile ya kupiga simu Dar, bila kupunguza. "Ijumaa hiyo, jioni: mashine imekaguliwa, ni nzima. Sahihi, mimi. Jumamosi jioni: imekaguliwa, ni nzima. Sahihi, mimi. Jumatatu." Alisoma jioni zote, moja moja, zilikuwa kumi na tisa. Tajiri alijaribu kumkatiza mara mbili, hakukatizika. Alipofika mwisho akafunga daftari.

"Yeye aliishika saa moja na robo akaniambia imerudi. Mimi nimeandika mara kumi na tisa kwamba nimeikagua. Sikuikagua. Niliitazama tu. Mwongo wa daftari hili ni mmoja, na sahihi yake ndiyo ndefu."

Tajiri alisema maneno ya Kigogo ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwa Mgogo. Keshia alichomoa kalamu ya bluu na nyekundu, akaziweka juu ya kaunta. Ile iliyokufa akabaki nayo. Akavua funguo kiunoni. Akatoka kwa ngazi tatu zile, na wala hakunitazama alipopita, ingawa nilikuwa nimesimama katikati ya njia kama nguzo ya simu.

Nilitaka kumwonea huruma. Nakiri nilijitahidi. Lakini akilini nililiona tena gaguro lile kaunta, nikasema moyoni, sawa, sasa umejua kumwagwa kulivyo. Usiku nililala fofofo.

Wiki ya pili tajiri alihangaika. Alimweka mpwa wake kaunta, huyo akapokea kadi iliyoisha muda; akamweka mwingine, naye akasahau kaboni, kurasa tatu zikatoka mmoja umeandikwa na mbili nyeupe kama shuka. Mwishowe mtu pekee dukani aliyejua kulaza kadi, kuvuta mpini, kupima mkia na kuchoma kaboni alikuwa mama. Alikuwa amevitazama kwa miaka yote ile huku akifagia. Tajiri akampa funguo na mshahara wa Keshia, au karibu yake. Nyumbani tukaanza kula nyama Jumatano, siku ambayo haina sikukuu yoyote. Nikanunuliwa viatu vya shule vyenye soli ya kweli. Mama akarudi benchi la pili, akaimba sauti ya kwanza hadi mbele ikageuka.

Kisasi kilikuwa kimekamilika na kuzaa faida. Nilipaswa kufurahi. Lakini kila mama alipoingia jioni na funguo zile kiunoni, njaa ilinikatika. Nikimwambia, atawajibika kumwambia tajiri, na funguo zitarudi. Nisipomwambia, nitaendelea kuvaa soli za mtu. Nilinyamaza muhula mzima. Kwa mtu kama mimi, muhula mzima wa kunyamaza ni ugonjwa.

Desemba mama alinituma stendi kupeleka kifurushi kwa shangazi yangu Kondoa. Dirisha la vifurushi la basi la Kondoa lilikuwa na foleni fupi, na nyuma ya dirisha kulikuwa na kofia ya kufuma na miwani ya uzi wa mpira.

Ningeweza kurudi. Lakini alishaniona.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Weka kwenye mizani." Nikaweka. "Kina nini?"

"Kanga na viatu vya mtoto."

"Viatu jozi ngapi?"

"Moja."

Akaandika. Akanitazama viatu vyangu, akarudi kwenye karatasi. "Mama Yona hajambo?"

"Hajambo."

"Anaiweza mashine?"

"Anaiweza."

"Kaboni anachoma?"

"Anachoma. Vipande vinne."

Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake kapata sabini. Kisha, bila kuinua macho wala kubadilisha sauti, akasema, "Tupa uliyotumia ilikuwa bapa. Ya pembe tatu ingekwangua safi zaidi. Shuleni hawawafundishi kuchagua tupa?"

Nilishika ukingo wa dirisha. Nyuma yangu mtu mmoja mwenye kuku alisema, "Dogo, maliza basi."

"Ulijua?" nilimuuliza.

"Tajiri alipotoka tu na kibati mkononi. Mikwaruzo ya karakana. Mama yako hashiki tupa, tajiri hashiki tupa. Na wewe ulikuwa umesimama njiani unatoka jasho mwezi wa Juni, Dodoma, na upepo ule."

"Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo aliponitazama. Nilitegemea huruma, maana kwenye hadithi huwa inakuja sehemu kama hii. Haikuwepo hata chembe.

"Ningesema mtoto aliingia nyuma ya kaunta, maana yake aliyekabidhiwa alimruhusu. Mama yako angetoka siku ile. Wewe ungechapwa viboko vichache, ungelia, na kufikia Jumapili ungekuwa umesahau. Nikaona hapana. Mwache ale mshahara wa kiti changu. Kila tonge. Mwache avae. Nilitaka ushibe."

Akachana stakabadhi kwa rula, akanisukumia. "Saini hapa."

Nikasaini. Mkia ukaenda ukaishia njiani. Akaupima, akaona, akaacha upite. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

"Anayefuata," akasema, na mwenye kuku akanisukuma pembeni.

Nakiri alinishinda. Nilimpiga mara moja kwa tupa ya dakika nne, naye alinipiga kwa kunyamaza muhula mzima, na hakuna aliyeona. Bado simpendi. Ningekutana naye kesho ningemwamkia na bado nisimpende.

Nilikwenda moja kwa moja nyumbani. Mama alikuwa uani anachambua mchele, ungo mapajani, funguo za duka zimelala kwenye kanga kando yake. Nikakaa mbele yake chini, nikamwambia. Nikaanza na tupa, nikamaliza na dirisha la vifurushi, sikuruka kitu, hata mluzi niliousema mwanzo nikautaja. Nikamwambia yuko huru kunipeleka kwa tajiri, na nikamwambia najua maana yake kwa zile funguo.

Mama hakuacha kuchambua. Alitoa jiwe moja, akalitupa. Akatoa la pili, akalitazama kidogo, akalitupa nalo. Kisha akasema:

"Nilikuona. Ningetaka uache, ningekohoa."